'Tabibu Asiyependa Utabibu': Kichekesho cha Ufaransa na swali zito la ukanda wa dhahabu

KATIKA tamthiliya moja ya Kifaransa iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kabla ya Tanganyika kupata Uhuru, wakulima wawili, baba na mwanawe, wanamwendea mtu aliyevaa joho la kitabibu wakitafuta dawa ya mgonjwa wao. Mtu huyo, ambaye kazi yake halisi ni kukata kuni, anapokea fedha zao na kuwapa kipande cha jibini. Anawaeleza kwamba jibini hilo si la kawaida, kwani limetengenezwa kwa dhahabu, marijani, lulu na vitu vingine vya thamani. Wakulima wanashukuru na kwenda zao. Watazamaji wanacheka.

Tamthiliya hiyo ni Tabibu Asiyependa Utabibu, kichekesho cha Molière kilichoingia katika Kiswahili kwa mkono wa mfasiri A. Morrison. Mtazamaji wa Paris alicheka kwa sababu aliona wazi kuwa dhahabu ndani ya jibini ni upuuzi mtupu. Msomaji wa Shinyanga, Kahama au Geita huenda akasita kidogo kabla ya kucheka. Katika ukanda huo wa machimbo, dawa na dhahabu zimetajwa kwa pumzi moja kwa miaka mingi, na gharama ya dawa hiyo imewahi kuwa uhai wa watu.

Chimbuko la mchezo

Molière, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Jean-Baptiste Poquelin, alizaliwa Paris mwaka 1622. Alikuwa mwandishi, mwigizaji na kiongozi wa kundi la maigizo lililopata ufadhili wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Tabibu Asiyependa Utabibu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 6 Agosti, 1666, katika ukumbi wa Palais-Royal, na Molière mwenyewe aliigiza nafasi ya mkata kuni.

Kisa chake hakikuwa kipya. Wasimulizi wa Ufaransa ya karne za kati walikuwa na hadithi fupi ya mkulima aliyegeuzwa tabibu kwa hila ya mkewe. Molière aliichukua hadithi hiyo ya watu wa kawaida na kuipandisha jukwaani.

Mkata kuni, Sganarelle, ni mlevi anayempiga mkewe, Martine. Jirani anapojaribu kuamua ugomvi, mume na mke wanamgeukia yeye. Hata hivyo, Martine hasahau maumivu yake. Anakutana na watumishi wawili wa tajiri aitwaye Géronte, ambao wametumwa kumtafuta tabibu kwa kuwa binti wa bwana wao, Lucinde, amekuwa bubu ghafla. Martine anawaambia kwamba yuko tabibu bingwa katika msitu ule, lakini ana tabia ya ajabu: hakubali kuwa tabibu mpaka apigwe.

Watumishi wanamwona Sganarelle, wanamsalimu kwa heshima na kumwomba msaada. Anakana. Wanachukua fimbo na kumpiga. Anakubali, kisha anakana tena, na wanampiga tena. Hatimaye anakiri kuwa yeye ni tabibu, na anaposikia kwamba kazi hiyo ina malipo mazuri, hakani tena.

Nyumbani kwa Géronte, mkata kuni anamwaga maneno ya Kilatini yasiyo na maana, akaweka ini upande wa moyo na moyo upande wa ini. Baba mtu anaposhangaa, anajibiwa kwamba utaratibu wa zamani umekwisha kubadilishwa. Anaeleza kuwa binti ni bubu kwa sababu amepoteza uwezo wa kusema, na baba anaridhika na maelezo hayo. Dawa anayoiagiza ni mkate uliochovywa katika mvinyo, kwa hoja kwamba kasuku hupewa chakula hicho na huzungumza.

Ukweli ni kwamba Lucinde haumwi. Amejifanya bubu ili kukwepa kuozwa kwa mwanamume asiyempenda, na mpenzi wake, Léandre, anamhonga tabibu wa bandia ili amsaidie. Binti anapofungua kinywa chake, anayakataa matakwa ya baba kwa maneno mengi hata Géronte anaomba arudishiwe ububu wake. Mwishoni, Sganarelle anaponea chupuchupu kunyongwa, Léandre anapata urithi, na baba anakubali ndoa.

Safari ya tafsiri

Kichekesho hicho kimevuka mipaka mingi. Nchini Uingereza, Henry Fielding alikitohoa mwaka 1732. Mwaka 1858 Charles Gounod alikifanya kuwa opera nchini Ufaransa. Katika Dola ya Osmani, mwanasiasa na mwanazuoni Ahmed Vefik Pasha alikitohoa kwa Kituruki katika karne ya 19, akatumia neno lile lile la tabibu ambalo Kituruki na Kiswahili yamelipata kutoka Kiarabu. Kichwa chake cha Kituruki kinamtaja tabibu wa kulazimishwa. Pasha huyo alipokuwa gavana wa Bursa alijenga ukumbi wa maigizo na kuonyesha humo tamthiliya za Molière.

Waarabu nao walianza mapema. Mwaka 1847 Marun al-Naqqash alionyesha Beirut mchezo uliofuata mfano wa Molière, na mwaka 1873 Muhammad Uthman Jalal wa Misri alitoa tohoa ya Tartuffe ambamo mnafiki wa Kifaransa amegeuzwa kuwa shehe. Katika nchi hizo, kazi hiyo ilifanywa na wenyeji walioamua wenyewe nani achekwe.

Afrika Mashariki hali ilikuwa tofauti. Tafsiri za kwanza za tamthiliya za Ulaya ziliibuka chini ya utawala wa kikoloni, na wafasiri wake hawakuwa Waafrika. Morrison alitafsiri pia Mchuuzi Mwungwana, kazi nyingine ya Molière inayomcheka mfanyabiashara anayejikakamua kuishi kama mtu wa tabaka la juu. Ni vigumu kutoona jinsi kichekesho cha namna hiyo kilivyoweza kusomeka katika koloni, mahali ambapo Mwafrika aliyevaa suti na kusema Kiingereza alikuwa shabaha ya dhihaka za Wazungu.

Jukwaa la mkoloni

Katika Tanganyika ya Waingereza, ukumbi wa maigizo ulikuwa sehemu ya maisha ya jamii ya Kizungu. Kundi la Dar es Salaam Players lilianzishwa mwaka 1947, na jijini Nairobi Ukumbi wa Taifa wa Maigizo ulifunguliwa mwaka 1952. Watazamaji walipenda vichekesho vyepesi vya kupumzisha akili baada ya kazi. Mwafrika alikutana na maigizo ya aina hiyo hasa shuleni, ambako wanafunzi walifundishwa kuigiza kazi za Shakespeare na michezo mifupi ya Kiingereza.

Kutokana na mkutano huo ndipo lilipozaliwa igizo fupi lenye jina la Kiswahili: kichekesho. Ebrahim Hussein, mwandishi wa Kinjeketile, ambaye mwaka 1975 alitunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, kwa utafiti kuhusu maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki, ni miongoni mwa wasomi waliolichunguza chimbuko hilo. Penina Mlama na Amandina Lihamba walifuata njia hiyo.

Kwa mujibu wa uchambuzi wa wasomi hao, vichekesho vya awali vilimcheka zaidi Mwafrika mwenyewe: mshamba aliyefika mjini, asiyejua kutumia kijiko wala kufunga tai. Mwigizaji na watazamaji walikuwa Waafrika, lakini jicho lililotazama lilikuwa la mkoloni. Baadaye mwelekeo wa kicheko uligeuka. Wakati wa harakati za kudai Uhuru, igizo lile lile fupi lilianza kumlenga mtawala na vibaraka wake.

Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Kuanzia hapo kutafsiri tamthiliya hakukuwa tena kazi ya mgeni kumletea mwenyeji burudani. Neno mabepari katika kichwa cha kazi hiyo ya pili, lililotumika miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilitosha kuonyesha kwamba mfasiri alijua anazungumza na nani.

Tabibu, daktari na mganga

Katika Tabibu Asiyependa Utabibu, uamuzi mkubwa wa mfasiri umo katika neno la kwanza la kichwa. Kiswahili kilimpa walau maneno matatu. Daktari lingempeleka msomaji kwenye hospitali ya serikali au ya misheni. Mganga lingempeleka kijijini, kwenye kibuyu na mizizi. Tabibu, neno la vitabuni na la pwani, liliuweka mchezo mahali pa mbali kidogo, ambako hakuna mtu wa karibu anayetajwa.

Tatizo ni kwamba lugha ya kila siku haitenganishi mambo kwa urahisi huo. Katika Tanzania, afisa wa juu wa tiba wilayani huitwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na mtaalamu wa mitishamba naye huitwa mganga. Msukuma humwita mtaalamu wake nfumu, jina linaloweza kumhusu mtu anayefunga mfupa uliovunjika na pia mtu anayesoma matumbo ya kuku ili kutaja aliyesababisha ugonjwa. Kazi hizo mbili si moja. Ya kwanza hutibu mwili, ya pili hutafuta mkosaji.

Usukumani, uganga na sanaa vimekuwa ndugu tangu zamani. Simulizi za ngoma za kushindana husema kwamba makundi makuu mawili, Bagika na Bagalu, yalipata majina yao kutokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Kipimo kilikuwa uwanja wa ngoma: timu mbili hucheza kwa wakati mmoja, na inayovuta watu wengi zaidi ndiyo inayoshinda. Wacheza ngoma wa makundi hayo wamejulikana kwa kutumia dawa za mvuto, wanyama kama nyoka na nungunungu, pamoja na vituko vya kila aina ili mtazamaji asihamie upande wa pili.

Kwa hiyo, muda mrefu kabla ya jukwaa la Kizungu kufika, Kanda ya Ziwa ilikuwa na jukwaa ambalo hakimu wake ni umati, na ilikwisha kujua jambo ambalo Molière alilieleza kwa fimbo: sifa ya tabibu hutolewa na wanaomwendea. Lakini mila hiyo hiyo ilikuwa na mafundi wa kweli. Bayeye, chama cha wachezaji wa nyoka, walirithishana elimu ya kutibu sumu ya nyoka, na elimu ya namna hiyo hupimwa kwa mgonjwa kupona au kufa.

Kicheko kinapokoma

Sganarelle wa jukwaani hamdhuru mtu. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita, mtu anayedai kuona yasiyoonekana amewahi kuacha makaburi. Taarifa ya serikali ya mwaka 1988 ilionyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa nchini kutokana na matukio yaliyohusishwa na imani za uchawi. Usukumani ndiko kulikoathirika zaidi, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee. Macho mekundu, ambayo kwa bibi aliyepika maisha yake yote kwa kuni na samadi ni matokeo ya moshi, yalichukuliwa kuwa ushahidi.

Kuanzia mwaka 2007 yakafuata mauaji ya watu wenye ualbino. Watafiti waliochunguza wimbi hilo walilihusisha, pamoja na mambo mengine, na biashara ya dawa za bahati iliyowalenga wachimbaji wadogo wa dhahabu na wavuvi. Si vigumu kuelewa soko hilo lilivyotengenezwa. Mchimbaji hushuka shimoni bila ramani ya miamba. Jirani yake hupata dhahabu hatua chache kutoka hapo, naye hutoka mikono mitupu baada ya miezi mingi, akiwa na deni la mwenye shimo, mwenye pampu na mama lishe. Anapotafuta sababu, hukosekana mtaalamu wa kumweleza habari za mwamba, lakini hakosekani mtu wa kumweleza habari za nyota yake.

Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino wilayani Bukombe, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa mkoani Shinyanga na tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Januari 2015 Serikali, kupitia Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mathias Chikawe, ilitangaza tena kupiga marufuku wapiga ramli.

Amri hizo zilikutana na ugumu ule ule wa neno mganga. Tanzania haikuwahi kuikataa tiba asili yenyewe. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, iliweka baraza la kusajili na kusimamia watoa huduma. Kwa upande mwingine, Sheria ya Uchawi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ya mwaka 1928, ilikusudia kuwabana wanaodai nguvu za uchawi na wanaowatuhumu wengine kwa uchawi. Kati ya sheria hizo mbili anasimama mwananchi ambaye hana budi kutambua mwenyewe nani ana dawa na nani ana jibini.

Binti aliyenyamaza

Iko sehemu nyingine ya mchezo ambayo katika ukanda huu haihitaji maelezo marefu. Lucinde ananyamaza kwa sababu akisema hasikilizwi. Baba yake yuko tayari kumlipa tabibu yeyote, mradi binti apone na ndoa ifungwe. Takwimu za afya na idadi ya watu za mwaka 2010 ziliuweka Mkoa wa Shinyanga juu ya mikoa yote kwa ndoa za mapema: asilimia 59 ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Binti bubu wa Molière ana ndugu wengi upande huu wa Ziwa.

Wasanii walikwisha kuthibitisha kwamba jukwaa linaweza kumfungua kinywa. Mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, jirani na Shinyanga. Hawakwenda na tamthiliya iliyokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza ni jambo gani linalowasumbua, na jibu likawa mimba za wasichana wa shule. Maonyesho yakatengenezwa kwa ngoma na maigizo yaliyofahamika kijijini, na vijana wa hapo ndio waliocheza.

Hapo ndipo tofauti kati ya kichekesho cha mkoloni na kazi ya Malya inapoonekana. Katika ukumbi wa zamani, kicheko kilikuwa mwisho wa shughuli, na aliyechekwa aghalabu hakuwa na nafasi ya kujibu. Malya, onyesho lilipomalizika watu walibaki uwanjani na kujadiliana: wazazi, walimu, viongozi na wasichana wenyewe.

Tabibu Asiyependa Utabibu inastahili kusomwa upya kwa mtazamo huo. Sganarelle hakuzaliwa mlaghai. Walimfanya hivyo watu waliokuwa na shida ya kweli, wakashika fimbo, wakakataa jibu la kweli alilowapa mara ya kwanza, kwamba yeye ni mkata kuni tu. Alikana mara mbili kabla ya kukubali, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena. Sheria inaweza kumkamata mpiga ramli. Swali la Molière, lililoulizwa mwaka 1666, linawaendea wale wanaosubiri zamu mlangoni kwake.